Barafu ya Siku ya Jua

Katika bonde letu la Hestdal, mtu akitaka kujua hali ya theluji mlimani anampigia simu Gunnvor Skaret. Gunnvor ni dereva wa lori la maziwa. Kila asubuhi hupita shamba kwa shamba, kuanzia kule chini kwenye hori la bahari hadi mwisho wa barabara, na akiwa njiani jicho moja liko barabarani na jingine liko milimani. Akishuka kuunganisha mpira wa kunyonya maziwa, wakulima humwuliza, "Kukoje huko juu?" naye hujibu kwa ufupi. "Theluji ya unga, ila upepo umeshaharibu upande wa kaskazini." Au, "Msiende. Mlima una mimba." Akisema hivyo watu wanajua theluji imejirundika na inangoja kuporomoka, na wanabaki nyumbani.

Ni mwanamke wa miaka sitini na ushee, mfupi, mabega mapana, na sauti iliyozoea kushindana na injini. Hakuwahi kuolewa. Watu wana maelezo yao kuhusu jambo hilo, yeye mwenyewe hajawahi kutoa lake. Nyumba yangu na yake zinatazamana, mto upo katikati, kwa hiyo mengine nitakayosimulia niliyaona dirishani, mengine aliniambia mwenyewe, na yaliyobaki niliyapata kwa shemeji yake Eilif, ambaye ukimtilia kahawa hana siri.

Eilif Nes alimwoa Magnhild, mdogo wake Gunnvor. Alikuwa mfugaji wa kondoo katika shamba la mwisho kabisa bondeni, mtu mrefu mwembamba ambaye mzaha haumwishi hata msibani. Magnhild alipofariki kwa saratani, mzaha nao ulikauka. Jumapili iliyofuata mazishi Gunnvor alikwenda kwake akamkuta jikoni, ameketi mbele ya sufuria tupu. Hakumpa pole. Pole alikuwa ameshapewa na kila mtu.

"Shemeji, vaa skii," alimwambia.

"Tunakwenda wapi?"

"Juu."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya majira ya baridi wawili hao walipanda mlima pamoja wamevaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Hawakuzungumza mambo mazito. Gunnvor alimwambia shemeji yake anapanda kama ng'ombe aliyebebeshwa matenga, Eilif akamjibu kwamba angalau ng'ombe ana pembe za kujivunia, na hivyo hivyo hadi kileleni na kurudi. Miaka ikaenda.

Mwaka ninaousimulia, theluji ilianguka mapema na kwa wingi, na hadi Krismasi wenye skii walikuwa na furaha ya kupindukia. Kisha katikati ya Januari upepo ukageuka. Ukaanza kuvuma kutoka kusini-magharibi, wa vuguvugu, umejaa maji ya bahari, na mvua ikaja nao. Tumezoea mvua ya Januari huku chini, lakini hii ilinyesha mpaka vileleni, juma zima bila kupumzika. Theluji ikawa uji. Mchana na usiku tulisikia vishindo, poromoko moja baada ya jingine likishuka kwenye makorongo, na moja lilikata barabara juu ya daraja. Lori la Gunnvor likashindwa kupita, na wakulima wa juu wakamwaga maziwa yao mitaroni huku wakitukana mbingu.

Halafu, kama vile mtu amefunga bomba, mvua ikakatika. Mawingu yakaondoka, ikaja baridi ya kuuma masikio. Kila kilicholowa kikaganda. Mimi nilikwenda kuchukua gazeti kwenye sanduku nikarudi kwa magoti. Mlima Storhetta, ambao uko juu yetu upande wa kusini, ulikuwa unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Theluji yote iliyokuwa uji ilikuwa imeshikana kuwa kitu kimoja kigumu, kama ukoko wa wali ulioungua sufuriani, ule ambao hata kijiko cha chuma kinaukwaruza tu.

Hapo ndipo ilipoangukia Siku ya Jua.

Bonde letu lina kina, na kuanzia Novemba jua hupita nyuma ya Storhetta bila kutufikia. Tunaona mwanga wake kwenye vilele vya ng'ambo, basi. Mwishoni mwa Januari linarudi. Siku hiyo kila nyumba inaoka mikate mitamu yenye jamu katikati, na watu wanasimama mbele ya kanisa kungoja mwali wa kwanza uguse mnara. Ila wenye skii hawangoji. Wao hupanda hadi kwenye Bega, ule uwanja mdogo ulio ubavuni mwa mlima, kulilaki jua kabla halijatufikia sisi wa chini. Zamani Magnhild ndiye aliyebeba mikate. Baada yake, akabeba Gunnvor.

Mwaka huo Siku ya Jua ilikuwa Jumapili, na Jumamosi simu ya Gunnvor haikutulia. Mmoja wa waliopiga ni Kåre, mwenye duka letu.

"Gunnvor, kesho kukoje?"

"Mlima umefunga. Hakuna kitakachoporomoka hata ukicheza ngoma juu yake."

"Kuporomoka siogopi. Barafu je? Mimi hapa nimeshaanguka mara mbili mbele ya duka langu mwenyewe."

"Asubuhi itakuwa ngumu. Panda taratibu, kula mikate yako, ngoja jua likae kidogo kwenye ule mteremko wa bakuli. Saa sita hivi itakuwa imelainika juu juu. Utashuka kama kisu kwenye siagi."

Kuhusu poromoko alikuwa sahihi. Kuhusu siagi alikosea. Jua la Aprili huilainisha barafu namna hiyo, na watu wa huku hungoja saa yake kama wanavyongoja mkate utoke jikoni. Jua la Januari ni taa tu, linamulika wala halipashi joto. Gunnvor alilijua hilo tangu utotoni. Nilipomwuliza baadaye ilikuwaje akasema vile, alizungusha kikombe chake mezani akaniambia, "Nilitaka iwe hivyo. Juma zima mvua, maziwa yanamwagwa, kila mtu kanuna. Nilitaka siku moja iwe nzuri, nikasema kwamba itakuwa."

Walianza kupanda asubuhi kungali na kiza cha bluu. Kwenye njia ya msituni zile ngozi zinazobandikwa chini ya skii ili zisirudi nyuma hazikushika kitu. Hatua mbili mbele, moja nyuma.

"Meno yako yako wapi?" Gunnvor aliuliza. Alikuwa na maana ya vile vyuma vyenye ncha vinavyofungwa kwenye skii wakati wa barafu.

"Meno ninayo mdomoni, shemeji, na hata hayo si yangu, ni ya daktari."

"Sicheki. Umeyaacha?"

"Yako ghalani, yanashikilia mlango usipigwe na upepo."

Gunnvor alivua yake asimwache mwenzake peke yake. Walipoimaliza miti walifunga skii mgongoni na kufuata ukingo wa mawe, ambako upepo ulikuwa umefagia theluji yote na kubakiza majani makavu na changarawe. Pale mtu anaweza kutembea. Kushoto kwao lilikuwa bakuli, mteremko mpana ambao kwa kawaida ndio furaha yote ya safari. Gunnvor aliugonga kwa fimbo. Ukalia kama meza.

"Hm," alisema.

"Hm nini?"

"Hm tu."

Walifika kwenye Bega kabla ya jua. Walikuwa peke yao. Kåre, kumbe, alikuwa amefika hadi mwanzo wa msitu, akaanguka mara ya tatu, akarudi zake nyumbani kuota moto. Wakaketi juu ya mikoba yao, wakamimina kahawa, na jua likachomoza pembeni mwa kilele, dogo na jeupe. Eilif alivua kofia, kama wafanyavyo wazee. Walikula mikate. Jamu ilimdondokea Eilif kwenye ndevu.

Wakangoja. Gunnvor alinyanyuka, akagonga barafu kwa fimbo, akaketi. Akanyanyuka tena.

"Shemeji," Eilif alisema, "hiyo siagi yako bado iko kwenye friji."

"Subiri."

"Nasubiri. Makalio yangu yameshaganda, lakini nasubiri."

Ndipo, pengine kwa sababu ya kungoja, au kwa sababu jua lilimlegeza ulimi, Eilif akamwambia jambo alilokuwa ameliweka moyoni tangu vuli. Kondoo wanaondoka Machi, amepata mtu wa kuwachukua wote. Binti yake Synnøve, anayefanya kazi mjini Bergen, amemtafutia chumba karibu na kwake, ghorofa ya pili, kuna lifti. Shamba litafungwa. Kwa hiyo hii ni Siku yake ya Jua ya mwisho huku.

Gunnvor alifunga chupa ya kahawa, akaikaza, akaifungua, akaikaza tena.

"Unasemaje?" Eilif aliuliza.

"Nasema tushuke."

"Sasa hivi?"

"Hailainiki leo. Nilikosea. Tushuke kwa miguu, kwa kule kwenye mawe tulikopandia."

"Siku yangu ya mwisho, nishuke nimebeba skii mgongoni kama mtalii? Hapana. Nitashuka kwa bakuli. Pole pole, kwa ukingo wa chuma wa skii."

"Ni kioo, Eilif."

"Nimeshashuka kwenye vioo vibaya kuliko hiki."

"Fanya unavyotaka," alisema Gunnvor. "Si umeshazoea kuamua peke yako."

Maneno hayo ndiyo Gunnvor aliyoyajutia baadaye. Siku nyingine yoyote angemshika mkanda wa mkoba na kumburuta hadi kwenye mawe, na Eilif angekubali huku akilalamika. Siku ile alikuwa na hasira, akamwachia.

Eilif alifunga skii, akaingia bakulini. Kona ya kwanza aliikata vizuri, na mlio wa chuma kwenye barafu ulisikika kama mtu anayekwaruza sufuria. Kona ya pili pia. Kwenye ya tatu skii ya chini iliponyoka. Alianguka kwa ubavu, na papo hapo akaanza kwenda. Hakupiga kelele. Kilichosikika ni koti likisugua barafu, sauti nyembamba iliyozidi kuwa nyembamba. Skii moja ilichomoka, fimbo ikaruka, miguu ikatangulia, kisha kichwa kikatangulia, akafika pale mteremko unapobinuka na kuzama ng'ambo yake.

Gunnvor alisimama. Aliniambia kwamba kwa muda kidogo alikuwa anaangalia jua, hakujua kwa nini. Kisha akavaa skii zake na kumfuata.

Hakukata kona hata moja. Aliziweka skii kimshazari, akazilaza kwenye ukingo wa chuma, akawa anaserereka kwa ubavu kidogo kidogo, anasimama, anavuta pumzi, anaserereka tena. Mapaja yalitetemeka kama mashine. Alitaka kwenda haraka, na kila alipotaka hivyo alijiambia kwamba wakianguka wawili hakuna atakayepiga simu. Aliipita fimbo. Akaipita kofia. Barafu ilikuwa na michirizi mahali Eilif alipojaribu kujizuia kwa vidole vya glavu.

Alipofika kwenye mbinuko alimwona. Bakuli linamalizikia kwenye miti ya betula, ile mifupi iliyopinda ya mlimani, na Eilif alikuwa ameukumbatia mmoja kama mlevi anayeaga rafiki.

"Eilif!" aliita. "Eilif!"

"Usipige kelele," sauti ilijibu, dhaifu. "Utaangusha poromoko."

"Hakuna poromoko! Mlima umefunga!"

"Najua. Nimeugusa wote. Umefunga kweli."

Gunnvor alicheka, na katika kucheka huko machozi yakamtoka. Hilo ni Eilif aliyeniambia; Gunnvor anasema ulikuwa upepo. Siku ile hapakuwa na upepo.

Goti la kulia la Eilif lilikuwa limegeukia kusikostahili. Mbavu zilimuuma kila alipovuta pumzi, na shavu moja lilikuwa limechunwa na barafu. Kutoka pale mnara wa kanisa unaonekana, na mnara ukionekana simu inashika. Gunnvor alipiga namba ya dharura, akaeleza kwa sauti yake ya lori mahali walipo, hali ya mgonjwa, kwamba anga ni safi na kuna nafasi ya kushusha kamba. Mtu wa upande wa pili alimwambia helikopta ipo, ila sasa hivi iko ng'ambo ya hori, kuna mwingine aliyeteleza kwenye barafu. Itakuja. Wakati huohuo watu wa uokoaji wa kijiji wanaanza kupanda kwa miguu.

Akafanya yaliyowezekana. Alijaribu kuchimba mahali pa kumlaza, koleo likadunda. Basi akavunja matawi ya betula, akayatandika juu ya mikoba yote miwili, akamvuta Eilif juu yake inchi kwa inchi, huku Eilif akitaja majina ya kondoo wake wote ili asitukane. Kisha akatoa ule mfuko mkubwa wa kitambaa wa kukingia upepo, akaufunika juu yao wote wawili, akaketi nyuma yake na kumkumbatia ili asitetemeke sana. Ndani ya mfuko kila kitu kilikuwa chekundu na kilinuka kahawa.

"Usilale," alimwambia.

"Nitalalaje na mtu ananipumulia sikioni?"

"Zungumza."

"Niseme nini?"

"Sema kwa nini hukuniambia tangu vuli."

Gunnvor akamtikisa.

"Ningekuambia," alisema Eilif, "ungeniambia nisiende."

"Ningekuambia, ndiyo."

"Na mimi ningebaki."

"Sasa ubaya wake nini?"

"Ubaya wake ni kwamba ni Jumapili tu, Gunnvor. Jumapili mnakuja, wewe na kelele zako, nyumba inachangamka. Jumatatu mpaka Jumamosi naongea na kondoo. Jioni naweka vikombe viwili mezani, narudisha kimoja kabatini. Nimechoka kurudisha hicho kikombe."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Miaka yote ilikuwa shemeji, shemeji.

"Mimi naongea na lori," Gunnvor alisema. "Linajibu kidogo kuliko kondoo."

"Lina tabia nzuri, lakini."

"Halina. Asubuhi za baridi halitaki kuamka."

Gunnvor aliinua pembe ya mfuko kuchungulia. Jua lilikuwa limepita kilele, na mwali ulikuwa unateremka ubavuni kuelekea kwetu. Chini kabisa aliwaona watu mbele ya kanisa, nukta nukta nyeusi. Sisi ndio tulikuwa zile nukta. Mwanga uligusa mnara, tukapiga makofi, mtu akaanza kuimba, na tulikuwa katikati ya ubeti wa pili tuliposikia helikopta. Tulidhani inapita. Ilipozunguka na kusimama juu ya betula, uimbaji ukafa wenyewe. Kila mtu alitazama huku na huku kuhesabu nani yuko na nani hayuko.

Aliyeshuka kwa kamba alikuwa muuguzi, jina lake Jorunn, mwanamke mwepesi mwenye maswali ya haraka.

"Ana ugonjwa wowote?"

"Presha," alijibu Gunnvor. "Kidonge kimoja asubuhi. Akisahau anakunywa viwili kesho yake, mwambieni asifanye hivyo. Dawa ya penisilini inamletea vipele. Meno ya juu ni ya bandia, yatoeni kabla ya kumlaza."

"Wewe ni mke wake?"

"Shemeji yake."

Jorunn alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akafunga mikanda. Eilif alipoanza kuinuka hewani alipunga mkono mmoja kama mfalme.

Walimwambia Gunnvor kwamba watarudi kumchukua yeye pia. Akakataa, akasema helikopta si teksi na kuna wengine walioanguka. Akangoja pale pale mpaka watu wa uokoaji walipofika, wamefunga vyuma vya ncha viatuni, wakampa jozi moja, wakashuka pamoja. Kåre alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka motoni aliposikia simu ya wito.

"Haya, Gunnvor," alisema njiani, "ile siagi ndiyo hii?"

"Nilikosea."

Kåre alikuwa ameandaa maneno mengine ya kumchokoza, akayameza. Alimjua Gunnvor tangu shule na hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, Gunnvor alichukua simu akawapigia wote waliomwuliza Jumamosi. "Nilikosea. Ni barafu tupu na haitalainika. Msiende mpaka theluji mpya ianguke, na ikianguka nipigieni kwanza, kwa sababu itakuwa imelala juu ya kioo na haitashikamana nacho." Wengi walimshukuru. Wawili walikuwa wameshapanda mahali pengine na kurudi na michubuko, na mmoja wao alimpa maneno makali. Gunnvor alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ana haki.

Eilif alipasuliwa goti hospitalini, akatiwa vyuma. Alipokaribia kuruhusiwa likazuka swali la mahali pa kwenda. Choo cha nyumbani kwake kiko juu, na ngazi zake ni za kuvunja hata goti zima. Kile chumba cha Bergen kilikuwa hakijawa tayari. Gunnvor alikuwa na chumba kitupu chini, karibu na jikoni.

"Mpaka goti lipone," alisema Gunnvor.

"Mpaka goti lipone," alisema Eilif.

Niliwaona wakifika na lori la maziwa. Eilif alikuwa juu kwenye kiti cha abiria na mguu umenyooshwa hadi kwenye dashibodi. Kijiji kizima kilipata sababu ya kupita njia ya mto juma lile.

Kondoo nao hawakuweza kungoja goti. Gunnvor aliamka mapema zaidi, akawalisha, ndipo akaenda kuwasha lori. Mimi nilisaidia jioni, na Kåre siku za Jumapili. Yule aliyetaka kuwachukua kondoo alikuja Machi, akakuta majike yana matumbo makubwa na Eilif hawezi kutembea, akasema bora angoje wazae. Na walipoanza kuzaa, Eilif alikataa katakata kubaki nyumbani. Akaketi zizini kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkongojo mkononi, anatoa amri. Gunnvor alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, mkono umezama hadi kiwiko.

"Vuta, shemeji!"

"Navuta!"

"Unavuta nini?"

"Mguu!"

"Wa mbele au wa nyuma?"

"Nitajuaje? Hauna jina!"

"Pinda kiganja, tafuta goti. Taratibu. Wewe unadhani ni mpira wa maziwa huo."

Mwanakondoo alitoka, amelowa, akapiga chafya. Gunnvor aliketi kitako palepale kwenye uchafu akimtazama, damu mikononi, nywele zimemwangukia usoni. Miaka yote akipita mashambani hakuwahi kumtoa mnyama tumboni mwa mama yake. Eilif hakutania. Alimpa kitambaa.

Synnøve alikuja Pasaka, amebeba picha za chumba kwenye simu yake. Ni binti mpole, ana macho ya mama yake. Alikaa siku chache nyumbani kwa Gunnvor, akaona baba yake akigombana na mama mkubwa wake kuhusu kiasi cha chumvi kwenye viazi, akaona wanavyosikiliza habari za redio pamoja na kuzijibu kwa sauti. Siku ya kuondoka nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mayai.

"Baba," alisema, "kile chumba nifanyeje?"

Eilif alikuna ndevu. "Bergen mvua nyingi, mwanangu."

"Hata hapa mvua nyingi, Baba."

"Ya hapa nimeizoea."

Synnøve akamgeukia Gunnvor. "Mama mkubwa, na wewe unasemaje?"

Gunnvor alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Nasema akiondoka nani atakula viazi vyote hivi."

Nusu ya kondoo waliondoka kweli. Nusu ya pili waliletwa kwenye malisho ya nyuma ya nyumba ya Gunnvor, na shamba la juu wakapangishwa vijana wawili, mke na mume, wanaofuga mbuzi na kutengeneza jibini ya kahawia. Goti la Eilif lilipona, lakini halikunjiki vya kutosha kwa skii za mteremkoni. Sasa anakwenda kwenye njia tambarare ya kando ya mto, fimbo mbili, mwendo wa bata, na Gunnvor akiwa mlimani yeye anamfuata kwa darubini kutoka jikoni na kumpigia simu kumweleza ni kona ipi ameikata vibaya.

Nilimwuliza Gunnvor siku moja, kwa kuwa tunajuana, sasa yeye na Eilif ni nini. Alifikiri kidogo, akasema ni watu wawili wenye jiko moja. Eilif nilipomwuliza hilohilo alisema bado anangoja goti lipone.